Yanayomngoja Mhandisi Katika Masomo ya Uzamili

Mhariri wa jarida hili aliponijia na ombi la makala, nilidhani amekosea mlango. Kurasa hizi ni uwanja wa wana wa Kiswahili: wahakiki wa riwaya, watafiti wa lahaja, na malenga wasioteleza katika vina vya kati wala vya mwisho. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo, mtu wa kupima na kukokotoa, ambaye huhudhuria vikao vya chama hiki kwa mapenzi tu na aghalabu huketi safu ya nyuma. Mhariri akanieleza kwamba wasomaji kadha wameuliza swali lile lile: je, anayemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi na kujitosa katika uzamili atarajie nini? Baadhi yao wana ndugu wanaokusudia kuifuata njia hiyo. Wengine, hasa wahadhiri, huletewa tasnifu za wahandisi ili wazisahihishe lugha, nao wangependa kujua ni viumbe wa namna gani wanaoandika vile. Nililikubali ombi kwa sharti moja, kwamba niseme niliyoyakuta wala si yaliyomo katika vijitabu vya kuwavutia wanafunzi wapya. Na niliyoyakuta, kinyume na matarajio yangu, kwa kiasi kikubwa yalikuwa mambo ya lugha.

Nianze na lililo wazi. Shahada ya kwanza ya uhandisi humchukua mwanafunzi wa Kenya miaka 5, na muda huo wote huwa anatatua maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Boriti ina urefu kadha, imebebeshwa mzigo kadha. Je, itapinda kwa kiasi gani? Jibu liko nyuma ya kitabu, au kichwani mwa mhadhiri, au katika karatasi za mitihani ya zamani ambazo hurithishwa bwenini kama shamba la ukoo. Mwanafunzi hodari ni yule afikaye kwenye jibu upesi. Katika uzamili mambo hugeuka juu chini. Hupewi swali, waambiwa ulitafute. Ukilipata, hakuna ajuaye jibu lake, hata msimamizi wako hajui, na ndiyo maana likastahili kutafitiwa. Nimewaona wenzangu waliofuzu kwa daraja la kwanza wakikaa muhula mzima mbele ya ukurasa mtupu. Hawakuwa wavivu wala wapungufu wa akili. Umahiri wao wote ulikuwa wa kujibu, na sasa walitakiwa kuuliza. Kwa hiyo anayetaka kuingia uzamili na ajiulize kwanza: je, kuna jambo linalomkera, jambo analoliona kila siku na ambalo hajapata kuelezwa vya kutosha? Asipokuwa nalo, ni heri akafanye kazi mwaka mmoja au miwili. Viwandani na kwenye maeneo ya ujenzi maswali hayatafutwi. Huja yenyewe, tena yakiwa yamebeba hasara.

Taratibu zenyewe sitazikalia sana, kwa kuwa nyingi mnazijua. Mwaka wa kwanza huwa wa kozi za darasani, mara nyingi jioni au Jumamosi kwa kuwa wanafunzi wengi wameajiriwa. Kisha huja pendekezo la utafiti na kulitetea mbele ya idara. Huja wasimamizi, kwa kawaida wawili, ambao si lazima wapatane. Huja kibali cha utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Huja makala ya kuchapisha katika jarida la kitaaluma, mtahini wa nje, utetezi wa mwisho, masahihisho, na hatimaye jalada gumu lenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Karatasini safari hii ni ya miaka 2. Mimi binafsi nawajua watu wawili tu walioimaliza kwa muda huo, na mmoja wao hakuwa na kazi, mke wala mtoto.

Kuna dhana moja ambayo sharti niiondoe mapema, nayo ni kwamba uzamili humfanya mtu awe mhandisi zaidi. Kisheria sivyo. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, aliyehitimu husajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi ya uhandisi kwa angalau miaka 3 kabla ya kuomba kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu, yaani yule mwenye mhuri. Shahada ya pili haimpi mtu mhuri huo. Ninaye rafiki aliyerejea kazini na shahada yake mpya akakuta mwenzake waliyeketi dawati moja katika shahada ya kwanza, ambaye hakuondoka, amekwisha kuupata mhuri na ndiye anayemtilia sahihi michoro. Hakuna aliyemdhulumu, alikuwa amefuata njia nyingine tu. Anayekusudia kufundisha chuoni, huyo hana budi kupitia hapa, na kwake uzamili ni ukumbi wa kuingilia uzamifu.

Ama kuhusu fedha, nasema bila kupepesa macho kwamba wengi wetu hujilipia. Kule Marekani mwanafunzi wa uzamifu wa uhandisi kwa kawaida huwa kama mwajiriwa wa mradi wa profesa wake: mradi humlipia karo na kumpa posho ya kila mwezi, naye hulitafiti swali la mradi. Kwetu hali hiyo ni ya wachache, mathalani wale wanaofadhiliwa katika taasisi ya Umoja wa Afrika iliyoko Juja, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambako wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za bara hili husoma pamoja. Sisi wengine tunaandika tasnifu kwa mshahara wa mchana. Nilipokuwa nikilalamika juu ya jambo hili, mhadhiri mmoja mzee aliniambia kwamba anayejilipia ana uhuru wa kulichagua swali lake mwenyewe. Nililichukulia kuwa neno la kumliwaza maskini. Baadaye niliona kwamba lilikuwa na ukweli ndani yake, maana swali langu nililitoa jikoni kwa mama, na sidhani kama kuna mradi ambao ungenilipia kulitafuta huko.

Kila mkazi wa mjini analijua jiko la makaa lenye kiuno chembamba na kauri ndani. Liliundwa nchini mapema katika miaka ya 1980, wazo likiwa limekopwa kutoka majiko ya ndoo ya Thailand, kisha likageuzwa lifae sufuria na mapishi ya huku. Sehemu ya nje ni bati, na hufuliwa na mafundi wa jua kali, wale wa Kamukunji na Shauri Moyo jijini Nairobi wakiwa mashuhuri zaidi. Sehemu ya ndani ni kikombe cha udongo uliochomwa, chenye matundu chini ya kupitishia hewa na jivu. Bati huliacha joto lipenye kwenda kando. Udongo hulizuia likabaki panapopikiwa, na hivyo makaa machache zaidi huivisha chakula kile kile. Hiyo ndiyo fahari ya jiko hili. Aibu yake ni kwamba kikombe hupasuka. Mama yangu alikuwa akibadilisha kikombe kila baada ya miezi michache, na kila mara alimlaumu fundi. Baba naye alimlaumu mama. Nikaona kwamba katika ugomvi huo palikuwa na tasnifu.

Nilijipa swali hili: je, udongo ukichanganywa na pumba za mpunga, zile zinazotupwa kwa malundo kule Mwea, kikombe kitakuwaje? Pumba huungua katika tanuri na kuacha vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hukifanya kikombe kiwe chepesi na kizuie joto zaidi. Lakini chenye vitundu huwa pia dhaifu. Juu ya hayo kuna tabia ya mchanga ulio ndani ya udongo wenyewe. Fuwele zake hubadili umbo zifikapo nyuzi 573 za Selisiasi, zikatanuka ghafla, na zikipoa zikapita hapo hapo zikirudi, husinyaa ghafla. Mfinyanzi anayeharakisha moto au anayefungua tanuri kabla ya wakati hukuta vyombo vimepasuka, na hajui kwamba amekutana na nambari hiyo. Haya yote hayakuwa mageni katika vitabu. Kilichokuwa kigeni ni udongo wangu, pumba zangu na jiko la mama.

Na sasa nifikie jambo ambalo vijitabu havitaji kamwe, nalo ni kungoja. Tanuri la umeme katika maabara niliyoitumia liliharibika mwezi wa pili wa kazi yangu. Kipuri kilihitaji kuagizwa. Karatasi ya kuagiza ilihitaji sahihi. Mwenye sahihi alikuwa likizoni. Aliporudi, bajeti ya mwaka ilikuwa imefungwa. Nilingoja miezi 7. Nakushauri wewe unayeingia, kama una masikio ya kusikia, usiuweke utafiti wako wote juu ya mgongo wa mtambo mmoja. Mimi niliokolewa na mfinyanzi mmoja ambaye huchomea vyombo vyake kwa kuni. Hakuwa na kipimajoto. Alichungulia katika tanuri lake na kuutazama wekundu, akaniambia kwamba moto ukiwa bado na rangi ya damu nzito haujafika, ukifika rangi ya papai bivu uuache ujikalie. Nilipata kipimajoto cha kuazima nikampima. Kwa siku tano nilizokaa naye hakukosea kwa kiasi cha kujali. Katika tasnifu yangu mtu huyu anaonekana katika mstari mmoja, ndani ya sentensi isiyo na mtu: vikombe vilichomwa kwa tanuri la kuni.

Hapo ndipo lugha ilipoanza kunisumbua. Mafundi wa Kamukunji na wafinyanzi walizungumza nami Kiswahili, Kiswahili cha Nairobi kisichomwogopa mtu. Mimi nilijua kazi yangu kwa Kiingereza tu. Mfumo wa 8-4-4 ulinilazimisha kuufanya mtihani wa Kiswahili hadi Kidato cha Nne, na tangu siku ile hakuna mwalimu wa uhandisi aliyepata kuniuliza swali kwa lugha hiyo. Neno lililonitesa zaidi ni nguvu. Fundi husema umeme leo hauna nguvu. Husema simiti hii haina nguvu. Husema sukuma kwa nguvu. Husema pikipiki hii ina nguvu. Kwa mhandisi hayo ni mambo manne mbalimbali, kila moja na kipimo chake, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeyachanganya huanguka mtihani. Wataalamu wa istilahi walikwisha kutupa kani kwa ile ya kusukuma, na nishati kwa ile inayohifadhiwa na kutumika. Tuna hata kanieneo, neno ambalo ukilisikia tu, umekwisha kuelewa kwamba ni kani iliyotandazwa juu ya eneo. Wakati mwingine hujiuliza kama ningeteseka vile na somo hilo katika mwaka wa kwanza iwapo ningelifundishwa kwa neno hilo. Tangu mwaka 1990 TUKI ilikuwa imetoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Nilikutana nayo nikiwa mwanafunzi wa uzamili, kwenye maktaba, nikitafuta kitu kingine.

Nisidhaniwe kwamba nawapigia makofi wana istilahi bila kiasi. Nimezisoma orodha za istilahi zilizoundwa mezani na mtu ambaye hakukanyaga karakana, na inajulikana wazi. Kifaa cha kubania chuma juu ya meza nilikijua kwa jina la jiriwa kutoka kamusini. Kamukunji nililisikia neno vaisi, na nilipotaja jiriwa, kijana mmoja aliniuliza kama ni mtu. Lakini wazee wawili walicheka, wao walilijua. Kitu kama hicho ndicho cha kutafitiwa: neno linakufa katikati ya kizazi kimoja na kingine, mbele ya kifaa ambacho bado kinafanya kazi. Sijui kwa nini mwanafunzi wa leksikografia aende mbali zaidi ya hapo.

Nilipokaribia kumaliza, niliamua kuandika ikisiri ya Kiswahili. Hakuna kanuni iliyonitaka. Nilitaka tu kuwapelekea mafundi ukurasa mmoja, kwa kuwa walinipa siku zao nyingi bila malipo. Nilitafsiri ile ya Kiingereza, nikampelekea mwanafunzi mwenzangu wa uzamili, mweledi wa tafsiri na mwanachama wa chama hiki, ambaye ameniomba nisimtaje. Alisoma sentensi ya kwanza, akaweka kalamu.

“Umeandika kwamba utendakazi wa jiko uliboreshwa,” akasema. “Jiko hutenda kazi gani, kaka?”

“Kupika.”

“Basi sasa linapika upesi zaidi, au linakula makaa machache zaidi, au linadumu zaidi?”

Nilifungua kinywa nikajikuta sina la kusema. Majaribio yangu yalikuwa yale ya kawaida ya kuchemsha maji: unalianza jiko likiwa baridi hadi maji yachemke, unarudia likiwa tayari lina moto, kisha unayaacha maji yatokote polepole kwa dakika 45, na kila hatua unapima uzito wa makaa yaliyoungua. Vikombe vyenye pumba vilitumia makaa machache zaidi, hilo lilikuwa kweli. Havikuchemsha maji upesi zaidi. Kuhusu kudumu, nilikuwa na majaribio machache yasiyo na msimamo. Neno moja la Kiingereza lilikuwa limeyameza mambo matatu, na mimi, wasimamizi wangu, na wasomaji wa makala niliyokwisha kuichapisha, sote tulilipita kama watu wanaopita mbele ya mlango uliofungwa. Sisemi kwamba Kiingereza hakiwezi kusema ukweli. Nasema kwamba tumekizoea kiasi cha kutosikia tunachokisema. Kiswahili changu kilikuwa kizito, kwa hiyo kilinibidi kutembea. Na anayetembea huona mashimo.

Tulikaa saa tatu juu ya ukurasa mmoja. Karibu kila mahali nilipokuwa nimejificha nyuma ya nomino, yeye alinitaka kitenzi, na kitenzi kikataka kiambishi cha nafsi au cha ngeli, na kiambishi kikataka kujua ni nani au ni nini. Mahali fulani nilikuwa nimeandika “mizunguko ya kupashwa na kupozwa”. Akaifuta. Akasema watu hawalipashi jiko wala hawalipozi. Huliwasha na kulizima. Akaandika: jiko liliwashwa, likatumika, likazimwa. Niliona kwamba anapenda urembo tu, nikamwachia.

Kutokana na tukio hilo nimekuwa na rai ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuandika hapa. Kila tasnifu ya uhandisi katika vyuo vyetu ingepaswa kuwa na ikisiri ya Kiswahili, nayo isiandikwe na mhandisi peke yake wala isitumwe kwa mfasiri irudi kama nguo ya dobi. Waketi pamoja, mwanafunzi wa uhandisi na mwanafunzi wa Kiswahili, na ukurasa huo uhesabiwe katika alama za wote wawili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sihitaji kuwaeleza wasomaji wa jarida hili jinsi kifungu hicho kinavyoheshimiwa siku za mahafali na kusahauliwa siku za kazi. Idara za Kiswahili zina kozi za tafsiri ambamo wanafunzi hutafsiri vipande vya magazeti. Umbali kutoka idara hizo hadi kitivo cha uhandisi, katika vyuo nilivyovitembelea, ni wa kutembea kwa miguu.

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba mtahini wa nje hatausoma ukurasa huo. Na asiusome, haukuandikwa kwa ajili yake. Itasemwa pia kwamba istilahi hazitoshi. Kwa hesabu za kani na mikazo ndani ya bawa la ndege huenda hazitoshi, na mimi sidai kwamba kesho tuifundishe kalkulasi kwa Kiswahili. Naomba ukurasa mmoja. Mhandisi ambaye hawezi kueleza kwa ukurasa mmoja, kwa lugha ya soko alimonunua udongo wake, ni kitu gani alichokifanya, namshuku kuwa bado hajakijua. Pingamizi ninaloliogopa ni la tatu, kwamba wahandisi watauandika ovyo na wana wa Kiswahili watausahihisha ngeli tu, kila mmoja akilinda ua wake. Hilo laweza kutokea kweli, na sina dawa yake isipokuwa kuwataka wahadhiri wa pande zote mbili waketi chumba kimoja pamoja na wanafunzi wao mara mbili tatu za kwanza.

Mengine ya uzamili nitayapitia kwa haraka. Upweke upo, hasa mwaka wa pili, wenzako wa kozi wanapotawanyika na kila mmoja kuzama katika swali lake. Msimamizi atachelewa kuisoma sura yako, kisha atakutaka uisahihishe kwa siku mbili. Jamaa watakuuliza unamaliza lini, na baada ya muda wataacha kuuliza, na hapo ndipo pabaya. Utaona wengine wakijenga nyumba. Programu ya kompyuta itakupa picha yenye rangi za kupendeza inayoonyesha joto likitambaa ndani ya kikombe, na utaipenda picha hiyo kuliko kikombe chenyewe. Jihadhari nayo. Picha yangu ilikuwa maridadi sana, na ilionyesha kwamba mipasuko ingeanzia ukingoni, juu.

Nilikwenda Kamukunji na ukurasa wangu siku ya Ijumaa, tasnifu ikiwa imebakiza wiki tatu iwasilishwe. Nyundo zilikuwa zikilia pande zote, ikabidi nisome kwa sauti ya kuhutubia. Fundi niliyezoeana naye, mzee wa makamo aliyefua bati tangu kabla sijazaliwa, alisikiliza huku akiendelea kupinda ukingo wa jiko. Nilisoma habari za udongo, akaitikia kwa kichwa. Nilisoma habari za pumba, akasema hizo mfinyanzi wake alikwisha kuzijaribu. Nikafika pale: jiko liliwashwa, likatumika, likazimwa.

Aliisimamisha nyundo.

“Likazimwa na nini, injinia?”

Sikumwelewa. Nikamwambia liliachwa hadi likapoa lenyewe, saa nne au tano, kisha likawashwa tena.

“Ala! Lenyewe?” Akawaita wenzake wawili waje wasikie. “Mama gani anaacha makaa yaishe yenyewe? Ugali ukiiva, anamwaga maji. Makaa yanabaki ya kesho. Yeye anaweka akiba.”

Alinyanyua kikombe cha zamani kilicholetwa kubadilishwa, akakigeuza. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye matundu ya chini, pale maji yanapotuama, ukapanda. Akachukua cha pili. Cha tatu. Katika rundo lile lote sikuona hata kimoja kilichoanzia ukingoni.

Katika tasnifu ya Kiingereza jambo lile lilikuwa limeandikwa kuwa mzunguko wa kupozwa, na hakuna mtu, nikiwemo mimi niliyekulia katika nyumba ambamo mama alimwagia makaa maji kila usiku, aliyewahi kuuliza kikombe kilipozwa na nini. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama maji hulowesha. Akasema ndiyo, makaa ni ghali.

Nilimwandikia msimamizi wangu usiku ule kuomba muda. Alinijibu baada ya siku nne, kwa mstari mmoja, kwamba nimechelewa mno kuanza majaribio mapya lakini kwamba yeye angekuwa mahali pangu angeyafanya. Mahafali ya mwaka huo yalinipita. Vilikuwa vimesalia vikombe kumi na viwili ambavyo havijaguswa, sita vya udongo mtupu na sita vya pumba. Nililiwasha la kwanza Jumatatu asubuhi, nikaliacha saa nzima hadi makaa yakawa mekundu kote, kisha nikachukua kikombe cha plastiki, kile kile ambacho mama hukitumia, nikamwaga maji.